Figa la Tatu

Kila asubuhi Nusaiba alikuwa na kazi tatu: kuteka maji ndoo mbili, kuwasha moto, na kumwamsha mama yake mara ya pili. Mara ya kwanza mama aliamka mwenyewe kwa ajili ya swala, kisha akajilaza "dakika tano tu". Dakika tano za Bi Tabu kila mtu pale nyumbani alizijua. Na kwa kuwa nyumbani walikuwa wawili tu, aliyezijua hasa ni Nusaiba.

Waliishi Mtaa wa Mikoroshini, pembezoni mwa Temeke, ukishaipita Mbagala na kufika huko ambako lami inaisha na mchanga unaanza. Mchanga wa Mikoroshini si wa mchezo. Ukitaka jiwe la kuangulia embe unaweza kuzunguka nusu saa, na mwisho ukarusha kandambili. Bi Tabu alikuwa mama lishe. Alipika wali na maharage mbele ya nyumba yake, kwenye mafiga matatu, na mafundi ujenzi na madereva wa bodaboda walikuja kula wakiwa wamekaa kwenye mabenchi mawili ya mbao.

Mbele ya nyumba yao kulikuwa na bonde. Halikuwa na jengo hata moja. Kulikuwa na nyasi, uwanja wa mpira wenye magoli ya miti, matete upande wa chini, na katikati ya matete kisima kilichochimbwa kabla Bi Tabu hajazaliwa. Maji ya bomba yalifika Mikoroshini Jumanne na Ijumaa, yakipenda. Yasipopenda, watu waliteka kisimani. Masika yalipoanza, maji yote ya mtaa yaliteremka bondeni, yakakaa siku tatu nne, vyura wakapiga kelele, kisha yakazama ardhini. Hakuna aliyejiuliza yanakwenda wapi. Yalikuwa ni hayo hayo ambayo Nusaiba aliyateka mwezi wa tisa, jua likiwa kali na mabomba yakikohoa upepo. Lakini hilo alikuja kulijua baadaye sana, wakati kulijua hakukumsaidia.

Sasa, habari ya lile figa la tatu.

Nusaiba alipokuwa darasa la nne, moja ya mafiga ya mama yake lilipasuka. Lilikuwa tofali, na tofali haliwezi moto wa kila siku. Sufuria liliinama, maharage ya siku nzima yakamwagika mchangani, na wateja wakaondoka na njaa. Bi Tabu alikaa chini akashika kichwa.

"Mwanangu," alisema, "nenda ukanitafutie jiwe. Jiwe la kweli, siyo tofali. Usirudi mikono mitupu."

Nusaiba alimpitia rafiki yake Avelina, aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwao, chini zaidi, karibu na matete. Wakazunguka weee. Mwishowe, pembeni mwa bonde, waliona kitu cha zege kimechomoza mchangani kiasi cha shubiri moja. Juu kilikuwa na ncha ya chuma, na ubavuni kilikuwa na herufi na namba. Mvua ilikuwa imelainisha ardhi. Walikitikisa huku na huku, wakachimba kwa vijiti, hadi kikatoka. Walikivingirisha mpaka nyumbani wakicheka na kuanguka.

Bi Tabu alipiga vigelegele. "Hili ndilo jiwe! Hili litapika mpaka harusi yako."

"Mama, lina maandishi."

"Maandishi yatakula maharage? Yaelekeze kwenye moto."

Alilichimbia kidogo, likalingana na wenzake. Sufuria likatulia. Toka siku hiyo halikuinama tena, na masizi yakazifunika zile herufi kidogo kidogo, hadi hata Nusaiba akazisahau.

Miaka miwili ikapita. Siku moja Nusaiba alikuwa anatoka kisimani na ndoo kichwani akamwona Nassibu, dalali wa viwanja, amesimama bondeni na mtu mgeni. Mgeni alivaa viatu vinavyong'aa, na mchanga ulikuwa unaviharibu. Jina lake, watu walikuja kulijua baadaye, lilikuwa Fredrick, na alitaka mahali pa kujenga maghala.

"Liko wazi, bosi," Nassibu alikuwa anasema. "Wazi kabisa. Angalia mwenyewe. Hakuna nyumba, hakuna kaburi, hakuna hata mkorosho wa mtu."

"Na mipaka yake?"

"Mipaka ya nini tena? Kutoka barabara hii mpaka matete yale. Lingekuwa na mwenyewe si ungeona bikoni?"

Nusaiba hakujua bikoni ni kitu gani. Aliwasalimia, wakaitika bila kumtazama, akapita zake.

Mwezi uliofuata lilikuja lori la kwanza. Lilimwaga kifusi pembeni mwa uwanja wa mpira: vipande vya kuta, vigae vya choo, nondo zilizopinda. Wanawake walitoka na ndoo zao wakalizuia lori la pili kwa miili yao. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mwishehe, mtu mwenye sauti kubwa kuliko kimo chake, aliandika barua manispaa. Manispaa ikamtuma mpima ardhi.

Mpima alikuwa dada kijana aliyeitwa Vaileth, amevaa buti na fulana yenye mistari ya kung'aa. Alizunguka bonde asubuhi nzima na mashine yake ya kupimia. Saa nane mchana ukaitishwa mkutano kwenye uwanja wa ofisi ya serikali ya mtaa. Watu walijaa, wengine wakakaa kwenye ndoo walizozifudikiza.

"Shikamooni wazee," Vaileth alianza. "Poleni na jua. Naomba niseme ukweli ili tusipotezeane muda. Bonde hili ni eneo la wazi."

Nassibu dalali, aliyesimama nyuma, alipiga kofi. "Si nilisema! Wazi! Hata mtaalamu anasema liko wazi!"

Watu wengine walicheka. Vaileth hakucheka.

"Braza, hapo ndipo mnapokosea wengi. Mkisema chumba kiko wazi, mnasema hakina mtu, ingia upange. Sisi tunaopanga mji tukiandika eneo la wazi, maana yake ni kwamba liachwe. Limepewa kazi. Hili lenu lilipewa kazi ya kupokea maji ya mvua ya mitaa mitatu na kuyashusha ardhini. Likijengwa, maji hayo yatatafuta mahali pengine pa kukaa, na mahali pengine penyewe ni vyumbani kwenu."

Kina mama wa nyumba za chini walitazamana.

"Sasa tuna tatizo," aliendelea. "Huyu ndugu anayetaka kujenga maghala ana karatasi ya mauziano yenye sahihi. Mimi natakiwa kuonyesha ramani. Ramani ya hapa ilichorwa zamani, kabla mtaa huu haujaitwa Mikoroshini, na ofisini kuna makabati ya ramani mpaka darini. Namba ya bikoni ndiyo inayonipeleka kwenye ramani yenyewe. Eneo kama hili huwekewa bikoni kila kona. Nimezunguka leo, sijaona hata moja. Nipeni moja tu. Namba moja."

"Hiyo bikoni ikoje, mwanangu?" aliuliza bibi mmoja.

"Ni nguzo fupi ya zege, bibi. Juu ina chuma. Ubavuni ina herufi na namba."

Nusaiba alimtazama mama yake. Bi Tabu alikuwa analikunja pindo la kanga yake, analikunjua, analikunja tena. Upande wa pili wa uwanja Avelina alikuwa amemkodolea Nusaiba macho.

"Nani ameziona?" Mzee Mwishehe alinguruma. "Semeni! Mtu aliyeng'oa mali ya serikali ni adui wa mtaa huu!"

"Kwani mtu akikutwa nayo anafanywaje?" aliuliza mwanamume mmoja, kama anauliza tu.

Vaileth alisita. "Kung'oa bikoni ni kosa kisheria. Anaweza kushtakiwa. Anaweza hata kufungwa."

Nadhani laiti angelimeza hilo neno moja, mambo yangekwenda njia nyingine. Lakini aliulizwa, naye alikuwa mtu mkweli. Mkutano ukaisha bila mkono kunyooshwa. Vaileth akatoa zuio: lori lisimwage kitu bondeni mpaka Ijumaa ya wiki inayofuata. Baada ya hapo, bila ramani, hangekuwa na nguvu ya kumzuia mtu.

Nyumbani Bi Tabu alifunga mlango mchana kweupe, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Umesikia mwenyewe," alisema kwa sauti ya chini. "Kufungwa. Wakinichukua mie, wewe utakaa na nani?"

"Mama, lakini wakijenga, kisima…"

"Nusaiba. Mie ndiye mama yako, siyo kisima."

"Tukisema hatukujua?"

"Nani atatuamini? Miaka miwili tunalipikia! Utanyamaza. Umenisikia? Hata kwa Avelina, nyamaza."

Jioni ile Bi Tabu alimtuma akachimbe udongo mwekundu. Nusaiba aliukanda kwa maji ya kisimani, na mama yake akayasiriba mafiga yote matatu, yakawa laini na mazuri kama ya bibi harusi. Jirani mmoja alipita akasifu. Nusaiba alitazama mikono yake iliyojaa udongo. Hakuwa ameiba kitu siku ya kwanza, alijua hivyo. Lakini udongo huu aliukanda akijua.

Jumatano Vaileth alikuja kula. Alikuwa ametembea nyumba hadi nyumba tangu asubuhi, amechoka, uso umejaa vumbi. Alikaa kwenye benchi, karibu kabisa na moto, akamaliza sahani ya maharage na kuomba ya pili.

"Mama, una mkono," alisema. "Haya maharage yametulia."

"Ahsante, mwanangu," alijibu Bi Tabu, bila kugeuka.

Vaileth alimtazama Nusaiba, aliyekuwa anaosha vyombo. "Mdogo wangu, nyinyi watoto ndio mnaocheza huko bondeni. Hamjawahi kuiona hata bikoni moja? Hata iliyovunjika?"

Sufuria lilikuwa linachemka juu ya ile anayoitafuta. Kutoka goti la Vaileth hadi pale hapakuzidi mkono mmoja. Nusaiba aliona mgongo wa mama yake umekakamaa.

"Hapana, dada," alisema. "Sijawahi."

"Haya. Ukikumbuka chochote nitafute." Alinawa, akaaga, akaondoka. Nusaiba aliendelea kuosha sahani ile ile mpaka mama yake akamwambia imetosha.

Ijumaa ikaja, ikapita.

Jumamosi asubuhi malori yalikuja manne, moja nyuma ya jingine. Safari hii yalikuja na karatasi, na hakuna aliyethubutu kuyazuia. Nusaiba alikuwa kisimani, wa tano kwenye foleni. Kijana wa lori aliwaomba wasogee, tena kwa adabu. Wakasogea. Lori likarudi kinyumenyume, likainua mgongo, na kifusi kikaingia kisimani. Mwanzoni maji yalilia, chubwi, chubwi. Lori la pili lilipomwaga, hayakulia tena.

Wanawake walibaki wamesimama na ndoo tupu. Mmoja alianza kutukana, akaishiwa maneno, akalia. Nusaiba hakulia. Alikuwa na hofu kwamba akianza kulia atasema yote, na kusema sasa ilikuwa kazi bure. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Kwa wiki tatu walinunua maji kwa watu wa mikokoteni. Yalikuwa na chumvi, na wali wa Bi Tabu ukabadilika ladha. Wateja walipungua. Bondeni kifusi kilishindiliwa, kikawa kiwanja kigumu, na ukuta wa tofali ukaanza kupanda.

Kisha masika yakafika.

Mvua ilianza Jumapili alfajiri, ikanyesha bila kupumzika. Maji yaliteremka kama kawaida yao kutoka mitaa ya juu, yakafika bondeni, yakagonga kiwanja kigumu na ukuta. Hayakuwa na pa kuingia. Yakageuka. Kufikia saa tatu asubuhi yalikuwa magotini barabarani, na saa nne yalikuwa yanaingia madirishani katika nyumba za chini. Vyoo vya shimo vilifurika, na kilichokuwa chini kikaja juu. Watu walipandisha watoto juu ya meza. Magodoro yalielea. Ukuta wa chumba cha akina Avelina ulilowa, ukavimba, ukaanguka nje, na kuku wao wote wakaenda na maji.

Hakuna aliyekufa siku hiyo. Watu walilirudia hilo mara nyingi, wakimshukuru Mungu. Lakini mdogo wake Avelina, Gaspar, aliyekuwa na miaka mitatu, alikunywa maji asiyojua yametoka wapi. Jumanne alianza kuhara. Jumatano alilazwa, macho yameingia ndani, na ngozi yake ukiibana inabaki imekunjamana. Kwa siku mbili Nusaiba alingoja habari ya msiba. Alisimama mlangoni akisikiliza kama kuna kilio. Aliomba dua zote alizozijua, na zilipoisha akazianza upya.

Gaspar alipona. Baba yake akasema basi, Mikoroshini imetosha, wanahamia kwa shemeji yake Tabata. Walibeba kilichobaki kwenye guta moja la matairi matatu: kitanda, cherehani yenye kutu, na masufuria. Avelina alikuja kuaga akiwa amevaa sare ya shule, kwa sababu ndiyo nguo pekee iliyokuwa kavu.

Avelina akauliza, "Bado mnalipikia?"

Nusaiba aliitikia kwa kichwa.

"Tulilitoa wote wawili," alisema Avelina. "Mie ndiye niliyeanza kulitikisa. Siku ile ya mkutano nilikuwa nakuangalia. Nikasema, Nusaiba akisimama na mimi nasimama."

"Mie nilikuwa namwangalia mama."

"Basi." Avelina alijifuta pua kwa mkono wa shati. "Basi ndiyo hivyo."

Guta likaondoka. Nusaiba alilifuata kwa macho hadi kwenye kona. Hakujawahi kuwa na siku aliyojichukia kama ile.

Alirudi nyumbani. Bi Tabu alikuwa anaondoa tope mbele ya nyumba kwa jembe. Maji yalikuwa yamepita hata pale; yalikuwa yamelamba udongo wote mwekundu kwenye mafiga. Figa la tatu lilisimama uchi, nusu jeusi kwa masizi, na pale masizi yalipobanduka herufi zilikuwa zinasomeka hata na mtu aliyesimama mbali: MZB 417.

Nusaiba alipiga magoti topeni akaanza kulichimbua kwa mikono.

"Unafanya nini wewe?"

"Nalipeleka kwa mwenyekiti."

"Nusaiba, acha."

"Waje wanifunge mie. Mie ndiye niliyeling'oa. Gaspar nusura afe, mama! Avelina ameondoka! Dada yule alikaa hapa, akala maharage yetu, nikamdanganya usoni, na wewe ulikuwa unasikia!"

Hakuwahi kumpandishia mama yake sauti, hata mara moja. Alingoja kofi. Jembe lilianguka. Bi Tabu akaivua kanga yake ya kichwani, akaisokota polepole, ikawa ngata.

"Zito hilo," alisema. "Litakuvunja shingo. Niinulie."

"Mama…"

"Wewe uliokota jiwe, ulikuwa mtoto. Mie ndiye niliyekufunga mdomo. Niinulie, mwanangu, kabla sijabadilisha mawazo."

Walipita katikati ya mtaa, Bi Tabu mbele na jiwe kichwani, masizi yakimchafua uso kwa jasho, Nusaiba nyuma yake. Watu walioanika magodoro walisimama kuwatazama. Wengine walilielewa lile jiwe mara moja. Wengine waliinamisha macho, na sababu yake ilijulikana siku hiyo hiyo.

Ofisini Bi Tabu alilitua mezani kwa Mzee Mwishehe, juu ya mafaili.

"Shikamoo mwenyekiti. Hii hapa bikoni. Ilikuwa jikoni kwangu. Mwite yule dada, na kama kuna polisi waite."

Nusaiba alitegemea ngurumo. Mzee Mwishehe aliliangalia jiwe, akaangalia dirishani, akavua miwani, akaivaa tena. Hatimaye alisema kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake, "Mie ninayo moja chini ya tangi langu la maji. Fundi aliniletea. Nilijua ni nini tangu siku ya mkutano."

Bi Tabu alijifuta masizi usoni kwa kiganja.

Kabla jua halijazama bikoni nyingine mbili zilitokea. Moja ilikuwa kizingiti cha genge la nyanya, nyingine ilikuwa jiwe la kufulia. Tangu siku ya mkutano kila nyumba ilidhani ni yenyewe tu. Mchanga wa Mikoroshini hauna mawe, na kila aliyeona jiwe zuri alilibeba kwenda nalo kwake.

Vaileth alikuja kesho yake. Aliisoma namba, akapiga simu ofisini kwao, na wiki iliyofuata ramani ikapatikana: bonde lote, kona sita, na katikati maneno yaliyopigwa taipu, "Eneo la wazi: hifadhi ya maji." Ujenzi ukasimamishwa siku hiyo. Ukuta ukawekewa alama ya X nyekundu na baadaye ukabomolewa. Fredrick alimtafuta Nassibu, lakini simu yake ilikuwa haipatikani, na mpaka leo haipatikani. Bi Tabu aliandika maelezo, akaonywa kwa barua, akasamehewa. Jioni ya barua ile alilala chali kitandani akalia kwa sauti, na Nusaiba akapika uji.

Ningependa kukuambia kwamba mambo yote yalirudi. Hayakurudi. Mashine iliondoa kifusi cha juu tu. Kilichobaki kinangoja bajeti. Kisima kilipofukuliwa kilitoa tope jeusi lenye harufu ya oili, kisha kuta zake zikaporomoka, na mafundi wakasema kiachwe. Vyura mwaka ule hawakusikika. Avelina yuko Tabata.

Siku ya kurudisha bikoni mahali pake, Vaileth alimwita Nusaiba ashike ile MZB 417 isimame wima wakati fundi anamwaga zege. Bi Tabu na majirani walisimama kando.

"Dada, maji yatarudi?" Nusaiba aliuliza.

"Sijui, mdogo wangu," alisema Vaileth. "Ardhi ikiachwa inakunywa polepole. Labda masika mawili, labda matano. Labda hapa hapatatoka maji ya kunywa tena. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya."

"Nilikudanganya mimi."

"Najua. Na nilikula maharage sahani mbili." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. Aliwageukia wote waliokuwepo. "Ramani inaweza kupanga mji vizuri kabisa, lakini ramani iko kabatini. Huku nje anayelilinda eneo la wazi ni nyinyi mnaoliona kila siku. Mtoto aliyeng'oa jiwe hakujua, na kwa hilo simlaumu. Lakini toka siku ya mkutano mpaka Ijumaa mlikuwa mnajua, nyumba nne, na kila mmoja alimngoja mwenzake. Kusema siku ile kungewagharimu aibu. Mkachelewa, na kisima kikaenda. Ukijua umekosea, sema wakati kusema bado kunasaidia."

Mzee Mwishehe alikohoa. Bi Tabu alimshika mwanawe bega.

Siku hizi Bi Tabu anapikia jiko la mkaa. Bondeni kuna bikoni sita, nne za zamani na mbili mpya. Ile ya kona ya karibu na barabara ni nyeusi upande mmoja. Waliisugua kwa brashi ya waya na masizi hayakutoka. Asubuhi Nusaiba hupita hapo na madumu yake akienda kuwangojea watu wa mikokoteni. Kuna watoto wadogo waliohamia karibuni, na mara nyingine mmoja huuliza kwa nini jiwe lile ni jeusi.

"Ni figa letu," Nusaiba humjibu. "Tulilipikia maharage. Hapo kwenye matete palikuwa na kisima."

Mtoto huangalia matete, asione kisima, akakimbilia mpira. Nusaiba hunyanyua madumu yake na kuendelea na safari.